Hadubini ya Elektroni: Inavyoona, Ilivyoundwa, na Kwa Nini Kuinunua Tu Hakutoshi



Kuna suala ambalo hurudi kila tunapokaa pamoja, iwe hapa Muscat, iwe London au Toronto: sisi tuliosoma na kupata riziki nje tutavisaidia vipi vyuo vya nyumbani? Na hakosi kutokea mmoja akasema, "Tuchangishane, tununue hadubini ya elektroni, hata iliyotumika, tuitie kwenye kontena tuipeleke." Fikra ni njema na nia ni safi. Lakini kabla mtu hajatia mkono mfukoni ni vyema akajua anachokinunua ni kitu gani. Mimi kazi yangu imenikalisha mbele ya mashine hizi miaka mingi, kwa hivyo nitajaribu kueleza kwa Kiswahili chetu zinavyofanya kazi, zimeundwa vipi, na zinahitaji nini ili zione. Neno langu khasa ni hili: mashine hii haioni ila kile kilichotayarishwa kuonwa, na kazi ya kutayarisha ni kubwa kuliko mashine yenyewe. Makala ni ndefu kidogo, mnivumilie.

1. KWA NINI MWANGA HAUTOSHI

Tuanze na hadubini ya kawaida, ile tuliyoichungulia skuli. Inatumia mwanga na lenzi za kioo. Wengi wanadhani ukitaka kuona kitu kidogo zaidi unatia lenzi kali zaidi tu, na mambo hayana mwisho. Sivyo. Mwanga ni mawimbi, na urefu wa wimbi la mwanga tunaouona ni baina ya nanomita 400 na 700. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Ernst Abbe, Mjerumani, alionesha mwaka 1873 kwamba vitu viwili vikikaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi, havitenganiki tena. Vitaonekana doa moja, hata lenzi ingekuwa safi namna gani. Kwa mwanga wa kawaida mpaka huo ni kama nanomita 200.

Fikirieni bahari. Wimbi likipiga jahazi lililotia nanga linavunjika, na upande wa pili maji yanatulia; ukitazama maji peke yake utajua kuwa hapo pana kitu. Lakini wimbi hilo hilo likipita kwenye upondo uliochomekwa majini, linapita kama kwamba hapana kitu. Kilicho kidogo sana kuliko wimbi hakiachi alama juu ya wimbi.

Sasa chukueni kirusi cha chikungunya. Jina ni la Kimakonde, limetoka upande wa Newala, kusini ya Tanzania, ambako ugonjwa ulizuka mwaka 1952, na maana yake ni kile kinachokunja, kwa vile mgonjwa anavyojipinda kwa maumivu ya viungo. Kirusi chenyewe kina upana wa nanomita 70 hivi. Yaani jina tumelitoa sisi, lakini umbo la huyo mwenye jina hutaliona kwa hadubini ya mwanga ya maabara ya kawaida.

2. ELEKTRONI NAYO NI WIMBI

Mlango ulifunguliwa mwaka 1924, pale Louis de Broglie, Mfaransa, alipotoa hoja katika tasnifu yake ya udaktari kuwa kila chembe inayokwenda ina wimbi lake, na kadiri inavyokwenda kwa nguvu ndivyo wimbi linavyofupika. Elektroni ukiisukuma kwa volti 100,000 inakwenda kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na wimbi lake linakuwa nanomita 0.0037. Hilo ni fupi kuliko wimbi la mwanga wa kijani zaidi ya mara 100,000!

Taabu ni kuwa elektroni haipiti kwenye kioo. Lenzi basi itakuwa ya nini? Jibu lilitoka kwa Hans Busch mwaka 1926: koili ya waya inayopita umeme, yaani sumaku ya umeme, inaweza kuzikusanya elektroni mahali pamoja kama lenzi inavyokusanya mwanga. Max Knoll na mwanafunzi wake Ernst Ruska, katika Chuo cha Ufundi cha Berlin, wakaunda hadubini ya kwanza ya elektroni mwaka 1931. Ilikuza mara chache tu, ungeweza kuicheka. Lakini kufika 1933 Ruska alikuwa ameunda nyingine iliyoipita hadubini ya mwanga, na mwaka 1939 kampuni ya Siemens ikaanza kuziuza. Mdogo wake, Helmut, alikuwa daktari, na yeye ni katika wa mwanzo walioielekeza mashine hii kwenye vijidudu na virusi. Ernst alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986, miaka 55 baada ya ile mashine ya kwanza. Subira ya namna hiyo si ya kila mtu.

3. MASHINE YENYEWE, KUTOKA JUU HADI CHINI

Ukiingia chumbani utaona mnara wa chuma, mrefu kuliko mtu, umesimama kwenye meza isiyotikisika. Njia ya elektroni inaanzia juu na kushuka.

Kule juu kabisa pana kile tunachokiita bunduki. Bunduki ya zamani, ambayo bado inatumika, ni waya mwembamba wa tangsteni uliokunjwa kama kibanio cha nywele na kupashwa moto hadi nyuzi 2,400 hivi za Selsiasi. Ni jamaa ya ule waya wa balbu za zamani. Ukipata moto kiasi hicho elektroni zinautoka kama mvuke unavyotoka birikani, halafu umeme wa volti nyingi unazivuta chini. Bunduki za kisasa zinatumia fuwele maalumu, au ncha kali mno ambayo elektroni zinang'olewa kwa nguvu ya umeme. Ncha hizo zinatoa mwali mwembamba na mkali zaidi, na bei yake ni kali vile vile.

La pili ni ombwe. Elektroni ikigongana na molekuli ya hewa inapotea njia, kwa hivyo hewa lazima itolewe mnarani. Nje kanieneo ya hewa ni paskali 100,000 hivi. Ndani ya mnara inashushwa mpaka kama paskali 0.00001. Hesabuni wenyewe, ni pungufu mara bilioni 10. Pampu moja haiwezi kazi hiyo. Inaanza pampu ya kuzunguka, inayotoa hewa nyingi ya mwanzo. Inafuata ya mapanga yanayozunguka kwa kasi kubwa sana. Na mwisho pampu ya ayoni, ambayo haina kitu kinachozunguka, inanasa mabaki ya hewa kwa umeme na sumaku. Hii ya mwisho inafanya kazi USIKU NA MCHANA, hata kama hapana mtu chumbani. Likumbukeni hilo, nitalirejea. Na ndiyo maana fundi havishiki vya ndani kwa mkono mtupu. Mafuta ya kidole yanageuka mvuke ndani ya ombwe na kuchafua kila kitu.

La tatu ni lenzi. Kila lenzi ni koili ya waya wa shaba wenye mizunguko mingi sana, imevikwa gamba la chuma laini, na gamba hilo lina mwanya mdogo wa milimita chache ambapo sumaku inakuwa na nguvu kupita kiasi. Ukitaka kukuza zaidi hubadilishi lenzi, unabadilisha umeme unaopita kwenye koili. Hapo pana raha na pana balaa. Raha ni kuwa unazungusha kitufe tu. Balaa ni kuwa umeme ule ukiyumba hata kidogo picha inayumba nao. Katika mashine nzuri umeme wa lenzi unatakiwa usicheze zaidi ya kama sehemu moja katika milioni. Na koili zinapata joto, kwa hivyo maji baridi lazima yazizunguke wakati wote.

Pengine mtauliza: ikiwa wimbi ni nanomita 0.0037, mbona hatuoni vitu vya kadiri hiyo? Kwa sababu lenzi za sumaku ni mbovu kwa asili. Otto Scherzer alithibitisha mwaka 1936 kuwa lenzi ya sumaku ya duara la kawaida haikosi dosari: elektroni zinazopita pembeni hazikutani pahala pamoja na zile zinazopita katikati. Kwa miaka mingi mpaka uliganda kwenye nanomita 0.2 hivi. Mwaka 1998 Harald Rose, Max Haider na Knut Urban walionesha picha za mashine yenye kirekebishi, yaani sumaku za pembe nyingi zinazoharibu kinyume ili kufuta ubovu wa lenzi. Leo mashine bora kabisa zinafika kama nanomita 0.05, pungufu ya nafasi iliyopo baina ya atomu na atomu.

Mwisho wa safari, chini, pana bamba linalong'aa rangi ya kijani linapopigwa na elektroni, na siku hizi kamera ya dijitali. Picha halisi haina rangi. Zile nyekundu na buluu mnazoziona magazetini zimepakwa na kompyuta.

4. INAYOPENYA NA INAYOPAPASA

Kuna hadubini za elektroni za namna mbili kuu, na tofauti yake nitaieleza kwa jani moja.

Qurum hapa ninapokaa imechukua jina la mti. Kwa Kiarabu cha hapa qurm ni ule ule ambao kwetu ni mchu, katika jamii ya mikoko. Khori lake limehifadhiwa tangu 1975. Oman ina mkoko wa namna hii moja tu, na hautoi miti mirefu iliyonyooka, ndiyo maana majahazi yalikuwa yakibeba boriti kutoka Lamu na Rufiji kuja kuezekea nyumba za Ghuba. Kenya ilikataza kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Sasa ukichuma jani la mchu ukaliramba, ni chumvi tupu. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwenye majani. Vipi?

Hadubini ya kupapasa inatazama uso wa kitu. Unakausha kipande cha jani, unakipaka utando wa dhahabu wa nanomita chache ili umeme usirundikane juu yake, unakitia ndani. Mwali wa elektroni unabanwa mpaka unakuwa nukta, halafu unapita juu ya jani mstari kwa mstari, kama mkulima anavyopita tuta kwa tuta. Kila nukta unapogusa, elektroni za juu ya jani zinaruka. Chombo cha pembeni kinazihesabu; zikiwa nyingi nukta inakuwa nyeupe, zikiwa chache inakuwa nyeusi, na kompyuta inapanga nukta hizo kuwa picha. Volti zinazotumika ni chache, aghlabu baina ya 1,000 na 30,000. Charles Oatley na wanafunzi wake wa Cambridge ndio walioikuza mashine hii baada ya Vita vya Pili, na ikaingia sokoni 1965. Kwa jani la mchu itakuonesha msitu wa vinyweleo upande wa chini, na vitezi vya chumvi. Tena elektroni zinapogonga, kila elementi inatoa eksirei yake, kwa hivyo unaweza kuambiwa hapa pana sodiamu na hapa klorini.

Hadubini ya kupenya inatazama ndani. Elektroni zinapita kati ya kitu zikatoka upande wa pili. Penye uzito zinatawanyika, penye wepesi zinapita, na kinachopatikana ni kama kivuli. Hii ndiyo ile ya Ruska. Kwa kitezi cha mchu itakuonesha seli zilizojaa mitokondria, yaani majiko ya nishati, kwa sababu kusukuma chumvi nje ni kazi inayokula nguvu. Na utaona kuta zilizokandikwa kitu kama nta kuizuia chumvi isirudi ndani. Ya kwanza inakwambia chumvi inatokea wapi, ya pili inakwambia inatolewa vipi.

5. MATAYARISHO, AMBAKO NDIKO KWENYE KAZI

Ili elektroni ziweze kupenya, kipande kinatakiwa kiwe na unene wa kama nanomita 70. Unywele wa mtu umezidi hapo mara 1,000. Na kiwe kikavu, kwa sababu maji yatachemka ndani ya ombwe. Basi tazameni safari ya nyama, au jani, mpaka kufika mnarani.

Kwanza inakatwa vipande vya milimita moja na kutiwa mara moja, dakika zikiwa chache, katika glutaraldehaidi, dawa inayoifunga protini isioze. Inafuata osmiamu tetroksaidi, ambayo inashika mafuta ya seli. Hii ni sumu kali, na mvuke wake unadhuru macho. Halafu maji yanatolewa kwa alkoholi hatua kwa hatua, na mahali pake inaingizwa resini ambayo inaokwa kwenye nyuzi 60 mpaka iwe gumu kama jiwe. Tena bonge lile linakatwa kwa kisu cha almasi. Vipande vinaelea juu ya maji, na fundi anajua unene wake kwa rangi inavyometa: rangi ya fedha ni sawa, rangi ya dhahabu ni nene. Vinaokotwa kwa wavu wa shaba wa milimita 3, vinatiwa rangi ya urani na risasi, na hapo ndipo vinapoingia mashinini. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa, karibu wiki. Ipo njia mpya ya kuigandisha sampuli kwa ghafla ndani ya barafu nyembamba, iliyowapa Nobel akina Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson mwaka 2017, lakini hiyo nayo ina gharama zake na ufundi wake.

Nyama ikikaa saa nzima mezani kwenye joto letu kabla haijatiwa dawa, seli zimeshaanza kuharibika. Mashine ya dola milioni itakuonesha uharibifu huo kwa uwazi wa ajabu, na hapana kitufe cha kuurudisha nyuma.

6. KAMPALA NA LONDON, 1961 HADI 1964

Haya si nadharia. Kisa kikubwa kabisa cha hadubini ya elektroni kinachotuhusu Afrika Mashariki kilianzia hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland, alianza mwaka 1957 kuwaona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, akauandikia mwaka uliofuata. Ilikuwa saratani inayokua kwa kasi ya kutisha. Tarehe 22 Machi 1961 alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwapo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafiti virusi vya saratani za kuku. Burkitt alieleza kuwa ugonjwa unafuata joto na mvua. Epstein akafikiri: kinachofuata hali ya hewa huenda kinabebwa na mdudu, na huenda ni kirusi.

Wakapatana. Vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikawa vinapakiwa kwenye ndege ya usiku kutoka Entebbe, na Epstein anavitia kwenye hadubini ya elektroni. Alipata nini? HAKUPATA KITU. Mwaka wa kwanza hakupata, wa pili hakupata. Mashine ilikuwa nzuri, macho yalikuwa ya mabingwa, na kirusi hakionekani.

Mwezi Disemba 1963 ukungu uliifunga London, na ndege iliyobeba sampuli ikapelekwa Manchester. Mzigo ulipofika mwisho maji ya kichupa yalikuwa yamechafuka, na aliyeyaona angedhani ni bakteria, yakamwagwe. Yalipotazamwa kwa hadubini ya kawaida ya mwanga, ikaonekana kumbe ni seli za saratani zenyewe, zimejitenga na nyama wakati wa kutikiswa njiani, zinaelea na ni hai. Epstein na Yvonne Barr wakazilea seli zile mpaka zikazaana. Tarehe 24 Februari 1964 seli hizo zikatiwa kwenye hadubini ya elektroni na humo ndani wakaonekana: virusi vya jamii ya herpes. Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa bingwa wa kazi ya hadubini katika kundi lile. Makala yao watatu ilitoka katika jarida la Lancet tarehe 28 Machi 1964. Hicho kikawa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu, na kikaitwa Epstein-Barr.

Kwa nini hakikuonekana mwanzo? Kwa sababu ndani ya uvimbe kirusi hiki kimejificha. Kinakaa kama maandishi tu ndani ya kiini cha seli, hakiundi chembe za kuonekana. Seli zilipotolewa mwilini na kulelewa, chache kati yake zikaanza kuunda chembe. Hadubini iliyowanyima jibu miaka yote ndiyo iliyowapa jibu. Kilichobadilika ni MATAYARISHO. Na leo tunajua kirusi hiki anacho takriban kila mtu mzima duniani, zaidi ya asilimia 90. Kinachoifanya saratani ile iandame joto na mvua ni malaria inayosaidiana nacho.

Ndugu zangu, hapo pana jambo jingine. Majina ya Burkitt, Epstein na Barr yamebaki vitabuni, na wanastahiki. Watoto ambao nyama yao ilipanda ndege hawana jina popote katika kisa hiki. Hali ilikuwa hiyo hiyo mwaka 1976, damu ya wagonjwa wa Yambuku, Kongo, iliposafirishwa Ubelgiji na baadaye Marekani, na Frederick Murphy akapiga mwezi Oktoba ile picha maarufu ya Ebola, kirusi kama uzi uliojipinda. Sampuli zinatoka kwetu, kuona kunafanyika kwengine. Uchungu wa wale wanaotaka kununua mashine naufahamu vizuri, na nauona una haki.

7. INAWEZEKANA KWETU?

Inawezekana, na imeshafanyika. Nairobi, maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo, ILRAD, iliyoanzishwa 1973 na ambayo sasa ni sehemu ya ILRI, ilikuwa na hadubini za elektroni zikitazama vijidudu vya ndigana na nagana. Don Fawcett, bingwa wa Harvard ambaye picha zake za seli tumezisoma sote tuliopita bayolojia, alipostaafu alikwenda kufanya kazi huko miaka ya mwanzo ya 1980. Bingwa alikwenda kwenye ng'ombe na kupe, badala ya kupe kupanda ndege. Lakini mahali pale palikuwa na bajeti ya kila mwaka, mafundi, na umeme wa uhakika.

Sasa rejeeni kwenye ile pampu ya ayoni isiyolala. Kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja ilikaa bila ya umeme wa gridi miezi mitatu. Mashine ya namna hii ingekuwa katika hali gani? Ombwe limekufa, unyevu umeingia mnarani, bunduki imeharibika. Nimewahi kuona katika chuo kimoja, nisichokitaja, hadubini iliyoletwa kama msaada imefunikwa nailoni, juu yake imewekwa feni. Haikuvunjika. Ilikosa fundi, ikakosa kipuri, halafu ikakosa mtu wa kuiulizia.

Kwa hivyo rai yangu, kwa mpangilio:

Kwanza, TUMSOMESHE FUNDI kabla ya kununua chuma. Mtu mmoja anayejua kukata kwa kisu cha almasi ana thamani kuliko mashine tatu bila ya mtu.

Pili, tuweke nyumbani chumba cha matayarisho. Nyama au jani likishatiwa dawa na resini, lile bonge linakaa miaka mingi bila kuoza. Mabonge YABAKI NYUMBANI, na kumbukumbu zake na majina ya waliotafiti. Vipande tu ndivyo visafiri kwenye mashine iliyo karibu, na picha zirudi kwa intaneti.

Tatu, tukinunua, tuanze na ile ya kupapasa, ndogo ya mezani. Haihitaji mnara, na nyingi zinachomekwa kwenye umeme wa kawaida na kustahmili ombwe dogo. Inafaa kwa madini, wadudu, majani, hata kufundishia.

Nne, vyuo vishirikiane mashine moja badala ya kila kimoja kutaka yake ya fahari.

Tano, mkataba wa matengenezo utiwe kwenye hesabu tangu siku ya kwanza. Aghlabu ni asilimia 5 mpaka 10 ya bei ya mashine KILA MWAKA. Anayechangia mashine bila ya hilo amechangia kabati la chuma.

Wenzangu wa fizikia na wa udaktari mlio humu, pahala nilipofupisha kupita kiasi ongezeni. Na wale mlioko nyumbani katika maabara zenyewe, semeni nyinyi mnahitaji nini khasa, maana sisi wa mbali tunapenda kununua vitu vinavyopendeza kwenye picha.

Wassalaam,
Ndugu yenu wa Qurum, Muscat